Reli ya Bububu: Kwa Nini Ilijengwa na Kwa Nini Ilikufa

MADA: Usafiri na uchumi wa Zanzibar wakati wa ukoloni

Utangulizi

Ukipanda daladala namba 502 kutoka mjini kwenda Bububu, unasafiri kuelekea mahali ambapo zamani watu walikwenda kwa treni. Ndiyo, treni. Unguja ilikuwa na reli, tena si moja bali mbili kwa nyakati tofauti, na leo hakuna hata moja inayofanya kazi.

Mada hii huwapotezea alama watahiniwa wengi. Mwanafunzi anaweza kukueleza Reli ya Uganda kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ukimuuliza reli ya hapa nyumbani, ama hunyamaza, ama huandika sentensi moja: "Reli ya Bububu ilijengwa na Waingereza ili kuwasaidia wananchi." Sentensi hiyo ni fupi lakini ina makosa mawili. Kwanza, aliyeijenga hakuwa Mwingereza. Pili, lengo lake la kwanza halikuwa msaada. Soma kwa utulivu, utayaona makosa hayo mwenyewe.

Baada ya kusoma mada hii, uweze:
(a) kutaja reli mbili zilizowahi kuwepo Unguja na kutofautisha malengo yake;
(b) kueleza hali ya uchumi iliyozaa reli ya Bububu;
(c) kufafanua sababu za kufa kwa reli hiyo;
(d) kuilinganisha na reli nyingine za Afrika Mashariki;
(e) kutumia ushahidi wa maandishi kupima masimulizi ya mdomo.

1. Reli ya kwanza: reli ya Sultani

Seyyid Barghash bin Said alitawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Alipenda mambo mapya. Ndiye aliyejenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na ndiye aliyeleta mjini maji safi ya chemchemi kutoka upande wa Bububu.

Mwaka 1879 Barghash alijenga reli fupi kutoka mjini kwenda kwenye kasri lake la Chukwani, kusini mwa mji. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Angalia: hapa nyumbu si yule mnyama wa mbugani Serengeti, bali ni mnyama wa kazi anayezaliwa na punda na farasi. Miaka michache baadaye Sultani aliagiza kichwa kidogo cha treni ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall nchini Uingereza.

Reli hii ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Sultani na watu wa nyumba yake. Haikupita kwenye mashamba ya kuchukua mazao, wala haikuwa na abiria wa kulipa nauli kila siku. Ilimtegemea mtu mmoja. Barghash alipofariki mwaka 1888, reli nayo ikafa. Njia na kichwa chake vikang'olewa.

ZINGATIA: Hili ndilo funzo la kwanza la mada. Chombo cha usafiri huishi kwa kile kinachokibeba kiuchumi. Kikiwa kinamtegemea mtu mmoja, hufa pamoja naye. Kikitegemea zao moja au njia moja, hufa zao au njia hiyo ikibadilika. Shika wazo hili, kwa sababu tutalirudia kwenye reli ya pili.

2. Zanzibar kabla ya mwaka 1905

Kuanzia mwaka 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani alibaki kwenye kiti, lakini mambo makubwa ya fedha na utawala yaliamuliwa na Waingereza. Uchumi ulisimama juu ya mambo matatu:

(i) Karafuu. Hili lilikuwa zao kuu la biashara na serikali ilipata mapato yake makubwa kwa kulitoza ushuru.

(ii) Mnazi. Nazi na mbata zilitoka mashambani, hasa magharibi na kaskazini ya Unguja, kuja mjini.

(iii) Bandari. Mji wa Zanzibar ulikuwa kituo cha biashara cha pwani nzima. Majahazi na meli za nje zilitia nanga mbele ya Forodhani.

Mazao yalifikaje mjini? Kwa vichwa vya mahamali, kwa punda, kwa magari ya kukokotwa na wanyama na kwa vyombo vidogo vya baharini. Njia za shamba zilikuwa mbovu, hasa wakati wa masika. Kwa mfanyabiashara yeyote mwenye mtaji, hapo palionekana nafasi ya kupata faida: ukiweza kuleta mzigo na watu mjini kwa haraka, watakulipa.

3. Reli ya Bububu yaanza

Kampuni ya Kimarekani iitwayo Arnold Cheney, yenye makao yake New York, ndiyo iliyojenga reli kutoka mjini hadi kijiji cha Bububu. Reli ilianza kufanya kazi mwaka 1905. Urefu wake ulikuwa maili 7, yaani takriban kilomita 11.

Hapa ndipo makosa mawili ya ile sentensi yanapoonekana. Mjenzi alikuwa kampuni ya Marekani, ingawa nchi ilikuwa chini ya Uingereza. Na kampuni ya biashara hujenga ili ipate faida. Hilo halimaanishi kwamba wananchi hawakufaidika. Walipanda na walisafirisha mizigo yao. Lakini katika jibu la mtihani tofautisha lengo la mjenzi na manufaa yaliyojitokeza. Ni vitu viwili.

Mwaka 1905 huohuo, Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Kumbuka mwaka huo mmoja, utakuwa umeshika matukio mawili.

4. Njia, stesheni na abiria

Stesheni ya mjini ilikuwa Ngome Kongwe, jengo lilelile ambalo leo watalii wanaingia kuona maonyesho na kusikiliza ngoma. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa mwishoni mwa karne ya 17. Imetumika kwa kazi nyingi: ulinzi, jela, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa karakana na bohari ya reli. Mwanafunzi anayeishi mjini anaweza kuisogelea na kujionea ukubwa wa uwanja wake.

Kutoka hapo treni ilipita ndani ya mji, kwenye mitaa iliyo finyu, kisha ikaelekea kaskazini kando ya pwani hadi Bububu. Treni haikusafiri porini peke yake. Ilipita karibu sana na milango ya nyumba, maduka na watu wanaotembea. Fikiria uchochoro wa Mji Mkongwe ambao watu wawili wanapishana kwa kujibana, halafu ujue kwamba hata mitaa mipana zaidi ya mji huo haikujengwa kwa ajili ya treni.

Abiria walikuwa wa aina nyingi. Kulikuwa na behewa la daraja la kwanza, na kulikuwa na watu wa kawaida wanaokwenda na kurudi kati ya shamba na mji. Wageni waliotoka melini kwa siku moja nao waliipanda kwenda kuangalia mashamba. Kwa maneno ya leo tungesema ilikuwa treni ya kitongoji: inachukua watu wa pembezoni inawaleta mjini, kisha inawarudisha.

Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo kutoka kwa kampuni. Tangu hapo ikawa mali ya serikali.

5. Kwa nini ilikufa?

Hii ndiyo sehemu inayoulizwa zaidi, na ndiyo sehemu ambayo watahiniwa hutaja bila kufafanua. Tutachukua sababu tano, kila moja na maelezo yake.

(a) Ufupi wa njia. Reli ina gharama kubwa kabla abiria wa kwanza hajapanda: kutengeneza tuta, kulaza vyuma, kununua vichwa na mabehewa, kujenga karakana, kulipa mafundi. Reli ndefu hurudisha gharama hizo kwa kubeba mzigo mwingi kwa masafa marefu. Reli ya kilomita 11 haina nafasi hiyo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuutembea umbali huo kwa muda usiozidi saa tatu. Nauli ikipanda kidogo tu, abiria anaiacha treni na kutumia miguu yake.

(b) Karafuu nyingi hazikupita njia hiyo. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilinusurika zaidi, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mzalishaji mkuu. Karafuu ya Pemba ilikuja mjini kwa bahari, ikashushwa bandarini moja kwa moja. Kwa hiyo zao kubwa la nchi lilikuwa kisiwa kimoja, na reli ilikuwa kisiwa kingine.

(c) Kupakia mara mbili. Chukua mfano wa mwenye shamba aliye nusu saa kutoka Bububu. Anapakia nazi zake kwenye gari la punda hadi stesheni. Anazishusha, zinapakiwa kwenye behewa. Zikifika mjini zinashushwa tena, hamali anazichukua kwa rukwama hadi ghalani. Kila kupakia na kupakua kuna mtu wa kulipwa na muda unaopotea. Lori, likipatikana, linapakia shambani na kushusha mlangoni mwa ghala. Kwa safari fupi, lori linashinda hata kama mwendo wake si mkubwa. Kwa safari ya kilomita 900 hesabu inageuka, kwa sababu gharama ya kupakia inakuwa ndogo ukiilinganisha na safari nzima.

(d) Barabara na magari. Serikali hiyohiyo iliyoinunua reli ndiyo iliyotengeneza barabara za Unguja zipitike kwa magari. Magari yalipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, abiria walihamia huko. Gari linasimama popote abiria anaponyosha mkono, lakini treni husimama stesheni tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 huduma ya abiria ilikoma.

(e) Cheche na usalama. Kichwa cha treni ya mvuke kina tanuri. Moto huchemsha maji, mvuke husukuma pistoni, nazo huzungusha magurudumu. Moshi hutoka kwa nguvu kwenye bomba na kuchukua cheche. Kwenye nchi ya majani makavu, makuti na mitaa finyu, cheche ni hatari. Watu walilalamika kuhusu moto ulioshika mashamba na mali zao. Reli iliyo na malalamiko kila mara inakosa watetezi siku ya kufungwa inapofika.

Baada ya abiria kuondoka, je, reli ilifungwa papo hapo? Hapana. Iliendelea kwa muda kubeba mawe ya kujazia pwani na ya kazi za bandari. Hii si ajabu. Mawe ni mazito, thamani yake kwa kilo ni ndogo, hayaharibiki yakichelewa, na yanatoka sehemu moja kwenda sehemu moja. Mzigo wa namna hiyo ndio unaoifaa reli fupi. Kazi hiyo ilipopungua, reli haikuwa na kazi nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilifungwa.

Rudi sasa kwenye ZINGATIA ya sehemu ya kwanza. Reli ya Chukwani ilimtegemea Sultani, na ilikufa alipofariki. Reli ya Bububu iliwategemea abiria wa safari fupi, na ilikufa walipopata gari. Sababu ni ileile kwa sura mbili.

6. Jina "Bububu": tumia ushahidi

Utasikia watu wakisema kwamba Bububu imeitwa hivyo kwa sababu ya mlio wa treni: "bu-bu-bu". Wengine wanasema jina linatokana na sauti ya maji ya chemchemi yanayobubujika. Nani tumwamini?

Mwanahistoria hachagui hadithi inayopendeza zaidi. Anatafuta ushahidi. Salme binti Said, binti wa Seyyid Said ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, aliondoka Zanzibar mwaka 1866. Kitabu chake cha kumbukumbu kilichapishwa mwaka 1886 kwa Kijerumani, na ndani yake anaitaja Bububu kama mahali alipowahi kuishi. Treni ya Bububu ilianza mwaka 1905. Toa 1886 kwenye 1905, unapata miaka 19.

Kwa hiyo jina lilikuwepo kabla ya treni, na haliwezi kuwa limetokana nayo. Hii haimaanishi kwamba ile hadithi ya chemchemi imethibitika moja kwa moja. Inamaanisha tu kwamba hadithi ya treni imeanguka. Ukieleza hivi kwenye swali la vyanzo vya historia, utakuwa umeonyesha kwamba unajua masimulizi ya mdomo yana faida na pia yana udhaifu, nao ni kusahau mpangilio wa miaka.

7. Linganisha na reli nyingine

Reli ya Uganda: ilianzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Urefu ulizidi kilomita 900. Ilijengwa na serikali ya Uingereza kwa malengo ya kisiasa, kijeshi na kiuchumi.

Reli ya Kati: ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Urefu ni takriban kilomita 1,250. Ilijengwa chini ya utawala wa Wajerumani.

Reli ya Bububu: 1905, takriban kilomita 11, ilijengwa na kampuni binafsi ya Marekani kwa faida ya nauli na mizigo.

Yanayofanana: zote zilianzia kwenye mji wa bandari. Zote zilijengwa kwa mitaji na vifaa vya nje. Hazikupangwa kuunganisha wananchi wao kwa wao bali kuunganisha mashamba na bandari.

Yanayotofautiana: urefu, mmiliki wa kwanza, na hatima. Reli ndefu ziliendelea kwa sababu masafa yake hayakuweza kushindwa na lori kwa urahisi. Angalia pia jambo moja la siku zetu: mwaka 2012 Dar es Salaam ilianza kuendesha treni za abiria za mjini kwenye njia za zamani ambazo awali zilijengwa kwa safari ndefu na mizigo. Njia ya zamani ilipata kazi mpya kwa sababu mji umekua na barabara zimejaa. Bububu haikupata bahati hiyo, kwa sababu msongamano ulipofika, vyuma vilikuwa vimeshaondolewa zamani. Leo anayetoka Bububu asubuhi kuwahi kazini mjini anakaa kwenye foleni ya magari, katika safari ambayo zamani ilikuwa na reli.

8. Miaka ya kukumbuka

1872 – Kimbunga chaharibu mikarafuu ya Unguja
1879 – Reli ya Sultani kwenda Chukwani
1888 – Barghash afariki. Reli ya Chukwani yaisha
1890 – Zanzibar yawa himaya ya Uingereza
1905 – Reli ya Bububu yaanza
1911 – Serikali yainunua
Mwanzoni mwa miaka ya 1920 – Huduma ya abiria yakoma
Mwishoni mwa miaka ya 1920 – Reli yafungwa

9. Jibu dhaifu na jibu zuri

Swali: Kwa nini barabara ziliiua reli ya Bububu?

Jibu dhaifu: "Barabara zilijengwa na magari yakawa mengi, kwa hiyo watu wakaacha treni."

Jibu zuri: "Njia ya Bububu ilikuwa ya kilomita 11 tu, kwa hiyo mzigo ulipaswa kupakiwa na kushushwa mara mbili kwa safari fupi. Lori liliondoa gharama hiyo kwa kutoka shambani moja kwa moja hadi ghalani, na gari la abiria lilisimama popote. Ndiyo maana huduma ya abiria ilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati mawe, ambayo ni mzigo mzito wa njia moja, yaliendelea kubebwa kwa reli kwa muda."

Jibu la kwanza limetaja. La pili limetaja, likaeleza namna, likatoa mfano, likaweka wakati. Hoja moja ya aina ya pili ina uzito kuliko hoja tatu za aina ya kwanza.

MASWALI YA MAZOEZI

Sehemu A: Jibu kwa kifupi
1. Taja kampuni iliyojenga reli ya Bububu na nchi ilikotoka.
2. Ngome Kongwe ilitumikaje katika historia ya reli?
3. Kwa nini reli ya Chukwani iliisha mwaka 1888?
4. Taja mzigo uliobebwa baada ya huduma ya abiria kukoma, na ueleze kwa nini ulifaa reli.

Sehemu B: Maelezo
5. "Jina Bububu limetokana na mlio wa treni." Tumia ushahidi wa maandishi kupinga kauli hii.
6. Onyesha tofauti tatu kati ya reli ya Bububu na Reli ya Kati.

Sehemu C: Insha
7. "Reli ya Bububu ilikufa kwa sababu ilijengwa mahali pasipofaa." Jadili kauli hii kwa hoja tano.

MWONGOZO WA SWALI LA 7

Usikubali kauli yote wala usiikatae yote. Katika utangulizi sema reli ilijengwa na nani, lini na kutoka wapi hadi wapi. Hoja mbili ziiunge mkono kauli: ufupi wa njia, na karafuu nyingi kuwa Pemba. Hoja tatu zionyeshe sababu nyingine zisizohusu mahali: gharama ya kupakia mara mbili, ushindani wa magari, na cheche za moto. Katika hitimisho toa msimamo wako: mahali palichangia, lakini reli ingeweza kudumu zaidi kama ingekuwa na mzigo wa kudumu. Usirudie hoja kwa maneno mengine ili kujaza ukurasa, msahihishaji anaona.

Kama unaishi Unguja, fanya zoezi moja la mwisho kabla ya mtihani. Simama nje ya Ngome Kongwe, kisha panda 502 hadi Bububu, na njiani jiulize kila sababu kati ya zile tano ingeonekanaje pale unapopita. Ukishaiona njia kwa macho yako, hutahitaji kuikariri.